Waliokuja Kuniposa Mississauga

Toronto, Februari 2012

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakupa tena, maana ile ya Jumapili ilikatikia kwenye simu na sijui kama ilikufika au ilibaki njiani. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Yohana ananiambia bado unafundisha darasa la pili umesimama kutwa, na kwamba kiti alichokupa mwalimu mkuu umekigeuza mahali pa kuwekea madaftari. Mama, kaa. Watoto watajifunza kuzidisha hata mwalimu akiwa amekaa. Na Bibi je, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima kabisa. Nakula vizuri, masomo yanakwenda, na navaa soksi mbilimbili kama ulivyoniagiza, ingawa baridi ya mwaka huu inapita ndani ya soksi kama haizioni.

Uliniambia, "Tumaini, acha kunihadithia vipandevipande kwenye simu, niandikie yote nisome na miwani yangu." Basi nimekaa chini. Anayekuletea ni dada Grace wa kwaya yetu ya Kiswahili, anakuja Tanga kumwona mama yake na ameniahidi atafika Muheza kwa miguu yake, hatampa mtu barua. Mpe chai na umsikilize, lakini habari zangu zisome humu, kwa sababu yeye akisimulia jambo la dakika tano linakuwa la wiki nzima.

Najua ulichosikia. Mama mdogo Edina alikupigia simu amepandwa na joto, akakwambia nimeingia chama cha siri chenye herufi za Kigiriki, kama kile kinachoandikwa kwenye magazeti ya huko, kwamba watu wanaingia maskini wanatoka matajiri na ndugu zao wanakufa. Ukamwambia mchungaji. Mchungaji akanitaja kwenye maombi ya Jumatano. Sasa Yohana ananiandikia kwamba mama muuza samaki amemsimamisha sokoni akamuuliza kama ni kweli nimevishwa pete. Mama, sijavishwa pete. Sijaingia popote bado. Na ningekuwa nimeingia kwenye utajiri nisingekuwa natembea mjini na koti kuukuu la Baba mdogo ambalo mikono yake inanifika magotini.

Kitu chenyewe kinaitwa sororiti. Ni umoja wa wasichana wa chuo. Wanachagua wenzao wa kuwaongeza, wanaitana dada, wanasoma pamoja, wanakwenda kuwasomea hadithi watoto waliolazwa hospitali, na wanaimba nyimbo ambazo, nakwambia ukweli, si nzuri. Jina lao ni herufi za Kigiriki kwa sababu waliouanzisha zamani walipenda mambo ya kizamani. Ukishakuwa mmoja wao unabaki hivyo mpaka uzeeke. Siri zipo, sikufichi, lakini kwa nilivyoelezwa ni namna fulani ya kushikana mikono na wimbo mmoja. Nawe kwenye umoja wa akina mama wa kanisani mna kitenge chenu, mna siku yenu, na mna maneno yenu ambayo marehemu baba hakuthubutu kuuliza. Ndiyo hivyohivyo, ila hawa wana miaka kumi na minane na hawajui kupika.

Na hiyo miaka ndiyo ilikuwa shida yangu, wala si herufi. Wenzangu wote wanajiunga mwaka wa kwanza. Mimi niko mwaka wa tatu, nina ishirini na mitatu, na nimebakiza mwaka mmoja na kitu nimalize. Nikajiuliza mtu mzima kama mimi anatafuta nini katikati ya watoto.

Lakini sikiliza nilivyoishi. Miaka miwili ya kwanza nilikaa Mississauga kwa Mama mdogo, na sina lalamiko hata moja, walinipokea kama mtoto wao. Asubuhi treni, kisha treni ya chini ya ardhi, kisha basi, nafika darasani nimeshachoka. Jioni nageuza njia ileile, nampitia Neema wao kwa jirani, napika, nafua. Chuoni nilikuwa mtu wa kupita. Mwaka jana niliugua mafua makali nikakosa masomo wiki nzima, na niliporudi nikaketi kwenye kiti changu kilekile, msichana wa kushoto kwangu, ambaye tumekaa naye muhula mzima, akaniuliza kama mimi ni mgeni. Sikukuambia wakati ule. Niliingia chooni nikalia kidogo, kisha nikaenda kununua chipsi.

Kwa hiyo Septemba nilipohamia mtaa wa Jane na Finch, karibu na chuo, nilikuwa nimepania kuwa mtu anayejulikana. Nakaa ghorofa ya juu kwenye jengo ambalo lifti yake ina siku zake. Mwenzangu ni Wanjiru, Mkenya wa Nyeri, anasoma kompyuta. Ungempenda. Anasema kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya barabara, anasonga ugali mgumu wa kujengea nyumba, na hawezi kuona mtu anakula peke yake. Ila Wanjiru ana darasa lake na watu wake, na kwa siku nyingi tunaonana mlangoni tu, mmoja anatoka mwingine anaingia.

Darasani kwetu kuna msichana anaitwa Marisol. Amezaliwa hapahapa, wazazi wake wametoka Ufilipino. Tuliwekwa pamoja kwenye kazi ya takwimu, na kila tukikutana swali lake la kwanza ni "Umekula?" Huku watu wanakuuliza hali huku wanaendelea kutembea, ukianza kujibu wameshapinda kona. Marisol anauliza halafu anasimama kusubiri jibu. Ukimwambia hujala anatoa ndizi kwenye begi. Huyu ndiye aliyenialika kunywa chai kwenye nyumba wanayopanga wasichana wa umoja wake, wakati wa wiki ambayo wanatafuta wenzao wapya.

Nilikwenda. Sebule imejaa mabinti wamependeza, wote wanacheka vizuri, nami nimevaa lile koti. Mwenyekiti wao anaitwa Caitlin, ana miaka ishirini na nywele nyekundu kama udongo wa kwetu. Akaketi karibu yangu akaniuliza ningependa kupata nini kwao. Wale wengine nilisikia wanajibu uongozi, marafiki wa kudumu, kusaidia jamii. Mimi nilikuwa nimeandaa jibu zuri kama hilo, lakini likanitoka lingine kabisa. Nikasema, "Nataka nikiugua mtu ajue."

Akaweka kikombe chake chini, nami nikajua nimeharibu. Kisha akasema, "Huwa tunapeleka supu. Supu yetu ni mbaya, lakini tunaipeleka." Nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Nilitoka pale nikiwa nimefurahi kuliko siku yoyote tangu nishuke kwenye ndege, Mama, na hapohapo nikaanza kuogopa.

Siku chache baadaye wakanipa bahasha, ndani kadi nzuri yenye dhahabu pembeni: tumekuona, tumependa, tunaomba uwe mmoja wetu, tupe jibu. Nikamwonyesha Wanjiru. Akaisoma mara mbili, akaniangalia kuanzia nywele mpaka kandambili.

"Tuma, si wewe ni mkubwa? Unataka kuwa fresha wa first year na hiyo age? Huyo Caitlin ni kama lastborn wenu, alafu ati wewe ndio mdogo?"

Na ni kweli, kwao kila mgeni anapewa dada mkubwa wa kumwongoza, na wangu angekuwa Marisol ambaye ana miaka kumi na tisa. Nilijaribu kichwani kumwamkia shikamoo, nikacheka peke yangu kwenye basi mpaka mzee mmoja akahama kiti. Lakini kicheko kilipoisha maswali yalibaki palepale. Je, nawapenda hawa, au nimechoka tu kuwa peke yangu na ningemfuata yeyote aliyeniuliza kama nimekula? Nikitumia muda wangu kwao, kwaya itakuwaje? Na kuna faida gani kuanza undugu na watu wakati ninakaribia kufunga mizigo? Jumamosi nikapanda treni kwenda Mississauga nimuulize Mama mdogo, kwa kuwa wewe uko mbali na yeye ndiye aliyepo badala yako.

Nikakuta taarifa imenitangulia. Neema alikuwa ameiona picha kwenye mtandao, nimesimama mbele ya ile nyumba, herufi zinaonekana juu ya kichwa changu, akamwonyesha mama yake. Ndiyo siku aliyokupigia wewe. Nilipoingia, Mama mdogo alikuwa amesimama katikati ya jikoni amejifunga khanga kiunoni, na wewe unamjua akishajifunga khanga hivyo. Alisema sana. Nilimwachia mpaka pumzi ikamwishia, kisha nikaweka kadi mezani.

Baba mdogo ndiye aliyeichukua. Alivaa miwani, akasoma polepole, akavua miwani. "Edina," akasema, "hebu soma mwenyewe. Watu wamemwona mtoto, wamempenda, wanaomba awe wa kwao, wanasubiri jibu. Hii si barua ya chama. Hii ni posa."

Alikuwa anatania, unajua utani wake. Lakini Mama mdogo hakucheka. Alikaa kwenye kiti akaisoma ile kadi kwa makini, na alipoinua uso nikaona hasira imehama mahali.

"Kama ni posa," akasema, "mbona ameletewa mtoto mwenyewe mkononi? Hana wazee? Ameokotwa? Posa inapelekwa hivi nyumba gani?"

"Mama mdogo, hawa hawajui mambo hayo."

"Basi wajifunze. Waambie kama wanamtaka mtoto wetu, watume mshenga."

Nikarudi zangu nikijua mambo yameishia hapo. Na nakwambia, nusu yangu ilifarijika, kwa sababu nilikuwa nimepata kisingizio. Jumatatu nikamweleza Marisol, nikitegemea acheke, aseme pole, tuendelee na takwimu zetu. Hakucheka. Akauliza mshenga ni nini. Nikamweleza: ni mtu anayewasemea wanaotaka kuoa, anayejua njia ya kuingia katika nyumba ya msichana bila kukosea. Akaandika neno lenyewe kwenye kiganja cha mkono. Kesho yake Caitlin akanifuata mpaka mlango wa darasa, akaniuliza kama Jumamosi ingefaa au shangazi yangu angekuwa na shughuli nyingine. Kwao wote ni shangazi, nimeshachoka kumrekebisha.

Nikamwambia si lazima. Akasema wazazi wa wengine wote huuliza tu kama kuna wavulana wanalala pale. "Wako ndio wa kwanza kutaka kujua sisi ni nani," akasema. "Naona ni haki yao."

Mshenga akawa Wanjiru. Nani mwingine? Ndiye pekee anayejua Kiswahili na asiyewaogopa watu wazima. Kuanzia siku ile hakukaliki naye. Aliwaita wote nyumbani kwetu akawapanga kwenye mkeka na kuwafundisha: viatu vinavuliwa mlangoni, hukai mpaka uambiwe, huendi mikono mitupu, na husemi ulichofuata mpaka uulizwe. "Na huko ndani naongea mimi," akawaambia. "Nyinyi kazi yenu ni kusmile."

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Mimi nilitangulia jana yake. Mama mdogo alipika pilau huku akisema atawakatalia, akakaanga sambusa huku akisema atawakatalia, akatandika vitambaa vipya kwenye makochi, na bado alikuwa anasema atawakatalia kengele ilipolia. Mimi nikafungiwa jikoni pamoja na Neema, maana mposwa hatakiwi kuonekana. Neema anaelewa kila neno la Kiswahili lakini anajibu Kiingereza tu. Siku hiyo alijiweka kwenye upenyo wa mlango akawa ananitangazia kama mpira: wamevua mabuti, mmoja soksi yake ina tundu, wameleta boksi la majani ya chai, mfuko wa sukari na chupa kubwa ya ile asali ya miti ya huku.

Nikasikia sauti ya Mama mdogo, ile ya kanisani. "Karibuni. Mmepotea njia na theluji hii, au kuna mlichokifuata?"

"Shikamoo mama, shikamoo baba," Wanjiru akasema. Kwao hawaamkiani hivyo, alikuwa amefanya mazoezi bafuni wiki nzima. "Hatujapotea. Tulikuwa tunapita tukaona ua hapa kwenu. Tukalipenda sana."

"Ua," Baba mdogo akasema. "Mwezi wa pili."

"Ni la ndani ya nyumba, baba. Halishikwi na baridi."

Nikamsikia Baba mdogo akikohoa, na najua alikuwa anaficha kicheko. Mama mdogo akaendelea kama hakimu. Akataka kujua hao wanaosemewa ni watoto wa nani. Wanjiru akatafsiri, na mmoja mmoja wakasimama wakajitaja. Caitlin akasema yeye ametoka mji mdogo wa kaskazini, mama yake ni mwalimu, bibi yake alikuwa mwalimu. Hapo Mama mdogo akasema "Mm," ile mm yake nzuri, nadhani alikukumbuka wewe. Marisol akasema mama yake alitangulia kuja Kanada peke yake kulea watoto wa watu, akakaa miaka mitatu bila kuwaona wa kwake, na waliomshika mkono wakati huo ni wanawake wa kanisani kwake ambao hawakuwa ndugu zake hata kidogo. "Ndiyo maana mimi nauliza watu kama wamekula," akasema.

Wanjiru akatafsiri mpaka mwisho. Mama, wewe unajua Mama mdogo aliishije majira yake ya kwanza ya baridi hapa, kabla Baba mdogo hajapata kibali, kwenye kile chumba cha Parkdale. Alikuwa anakuandikia. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyokuwa unasoma barua zake umegeukia ukutani. Neema akanigeukia akaninong'oneza kwamba mama yake anajifuta macho kwa kitambaa cha kochi.

Hakulegea lakini. Aliuliza kuhusu pombe. Caitlin akasema wapo wanaokunywa na wapo wasiokunywa, na hakuna anayelazimishwa, na akilazimishwa mtu yeye mwenyewe atampigia simu Mama mdogo. Akauliza kuhusu kanisa. Mikutano yao ni Jumapili jioni, na kwaya yetu ni asubuhi. Kisha akauliza swali ambalo nilijua linakuja.

"Huyu mtoto akipata msiba huku, mtafanya nini?"

Wanjiru alichukua muda mrefu kulieleza hilo. Nilisikia Kiingereza kingi. Mwishowe Caitlin akasema, "Tutakuja kukaa naye."

"Mtakaa siku ngapi?"

Caitlin akamgeukia Wanjiru akamuuliza kwa sauti ya chini kawaida ni siku ngapi. Wanjiru akamwambia. Caitlin akamrudia Mama mdogo akasema, "Basi hizo."

Nilikuwa nimeshika sinia la sambusa, nikaliweka chini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba naogopa. Wiki zote nilikuwa naogopa kujiunga, kumbe sasa naogopa Mama mdogo asije akasema hapana.

Wakaniita. Nikatoka nimejifunga kitenge chako cha bluu. Walikuwa wamebanana kwenye kochi moja, watano, magoti yamekutana, kama watoto wa darasa lako la pili wanaosubiri kukaguliwa kucha, na Wanjiru pembeni amekaa kwenye kiti kama mbunge. Soksi yenye tundu ilikuwa ya Caitlin. Mama mdogo akaniuliza kama desturi inavyotaka: "Tumaini, hawa watu wamekuja, wanasema wanakufahamu. Wewe unawafahamu?"

Nikawatazama. Yale mambo ya umri na ya mwaka mmoja uliobaki, niliyatafuta kichwani sikuyaona. Nilichokuwa naona ni kwamba hawa wamepanda treni. Miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa napanda treni kwenda kwa watu, na leo watu wamepanda treni kuja kwangu, na wamevua viatu.

"Nawafahamu," nikasema. Ningeishia hapo. Mposwa mwenye adabu angeishia hapo akaangalia chini. Mimi nikaongeza, "Nawafahamu, na nawataka."

Mama, nyumba ilianguka. Neema alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baba mdogo alishika kichwa kwa mikono miwili. Wanjiru alianza kupiga vigelegele bila hata kutafsiri, na wale watano wakaitikia kwa vifijo vyao vya huku, hawajui hata kilichosemwa. Mama mdogo aliinua macho kwenye dari. "Watoto wa siku hizi," akasema. "Tulikuwa tumekaa vizuri kabisa kwenye bei, ameshatushusha." Kisha akaenda kuleta pilau mwenyewe, na nikaona anatabasamu akiwa amewapa mgongo.

Walikula, Mama. Walikula kwa mkono kwa sababu Wanjiru aliwaambia ndivyo, ingawa vijiko vilikuwepo. Baba mdogo akadai kilemba chake, kwamba yeye ndiye amesimama mahali pa baba. Marisol akavua kofia yake ya sufu yenye kishada juu akamvika. Ameivaa mpaka leo, anaangalia nayo taarifa ya habari.

Lakini baada ya chai Mama mdogo akawanyamazisha tena. "Nimewaona," akasema, "na nimeridhika. Ila mimi nimemshika tu huyu. Mwenye neno ni dada yangu aliyemzaa, na yeye yuko Muheza. Mahari hatutaki, hatuozeshi mtoto kwa umoja. Lakini mama yake ana mkaja wake." Wanjiru hakulijua neno hilo, kwa hiyo Mama mdogo akaeleza mwenyewe kwa Kiingereza chake cha polepole: mama akishajifungua anafungwa kitambaa tumboni ili mwili urudi, na atakayekuja kumchukua binti lazima akikumbuke kitambaa kile. Hakuna aliyecheka. Caitlin akauliza mkaja unapatikana wapi. Mama mdogo akamwambia hilo ni juu yao.

Siku ya mwisho ya kujibu kadi ilikuwa imekaribia, lakini Caitlin aliwaandikia wakubwa wao. Sijui aliwaelezaje habari ya mkaja. Najua tu kwamba walijibu wanasubiri neno la mama.

Nisalimie Bibi, mwambie redio haimsikii. Msalimie shangazi na watoto wake, na mwambie mjomba kwamba huku hakuna simba, anaweza kuacha kuniota. Yohana asome, mwambie akinitumia tena habari za muuza samaki nami nitamtumia Mama matokeo yake ya hesabu. Mchungaji nampa heshima zangu zote. Maombi asiyaache, ila sasa naomba yaelekezwe kwenye mtihani wangu wa takwimu. Mama mdogo na Baba mdogo wanakusalimu, na Neema anasema "Shikamoo Mama mkubwa," kwa Kiswahili, kwa hiari yake, nimeshuhudia.

Sasa Mama, mwombe dada Grace akupe mfuko aliokuja nao. Humo ndani ndimo ulimo mkaja wako. Wanjiru aliwaambia wanunue kitenge yaishe, wakakataa, wakasema kitu cha mama kitoke mikononi mwao. Wameufuma kwa uzi wa sufu, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kushika sindano za kufumia. Upande mwembamba ni wa Marisol. Penye matundu ni kwa Caitlin, alifumua mara nyingi na mwisho akaacha. Mistari michache ya kijani ni ya Wanjiru, ambaye si mwanachama wala hataki kuwa, lakini alisema mshenga hawezi kuachwa nje. Mimi nilikatazwa kuugusa. Najua ni sufu, na najua joto la Muheza.

Mimi nimeshasema ninachotaka mbele ya watu na sibadili, lakini sitaingia kwao bila wewe. Ukiukataa, umrudishie dada Grace, nami nitawaambia mama yangu hakuridhika, na watakuheshimu. Ukiukubali, jifunge kiunoni hata kwa dakika moja, uvuje jasho, Yohana akupige picha kwa simu yake anitumie. Kuna wasichana watano na Mkenya mmoja ambao kila wakiniona siku hizi hawaniulizi kama nimekula. Wananiuliza kama mama amejibu.

Jifunge, Mama.

Mwanao uliyejifungia mkaja wa kwanza kwa ajili yake,

Tumaini